Katoni Moja ya Kwenda Mbozi

"Katoni moja," Denis alisema, akapima hewani kwa mikono yake mipana. "Moja, Pendo. Siyo mbili, na siyo moja na kifurushi pembeni."

"Na mashine yako je? Nayo imeenea kwenye katoni?"

"Mashine ndiyo inayotupeleka Mbozi."

"Na vitabu ndivyo vitakavyonifikisha Mbozi nikiwa bado nakupenda. Siku tatu njiani na mwanamume anayezungumzia gia tu, lazima niwe na pa kukimbilia."

Denis akacheka, kile kicheko chake cha chinichini kinachoanzia tumboni na kuishia machoni, na Elinipendo akatazama kwingine upesi. Ana miaka ishirini na minane, mwalimu wa darasa la tano, watoto sitini wanatulia akikohoa tu. Halafu mtu mmoja wa Kilema akicheka, yeye anasahau alikuwa anasema nini.

Walikuwa wamesimama Marangu Mtoni, nyuma ya Landrova kuukuu ya kijani ambayo Denis aliinunua ikiwa maiti na kuifufua kwa mikono yake. Nyuma ilikuwa imejaa pomoni: mashine ya kumenyea kahawa, sanduku la spana, godoro, madumu mawili ya dizeli, na mkungu wa ndizi wa kutoka kwa mama yake. Mbele kulikuwa na kiti cha watu watatu. Hapo katikati ndipo katoni ingekaa.

"Itakaa kati yetu," Denis alisema kwa huzuni.

"Kama mchungaji."

"Kama padri."

"Usianze, Denis."

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita, mwaka tisini na sita, baridi ile ya Marangu inayoingia mpaka kwenye meno, na mlima umejifunika ukungu kama mgonjwa. Kesho yake saa nne asubuhi walitakiwa bomani Moshi, mbele ya ofisa wa ndoa. Tangazo lao lilikuwa limekaa ubaoni siku ishirini na moja, kama sheria inavyotaka. Wakitoka hapo ni barabarani moja kwa moja: Same, Korogwe, Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, hadi Mbozi, ambako kampuni ya kahawa ilimwajiri Denis akafunge mashine kabla mavuno hayajapamba moto. Elinipendo naye alikuwa na barua ya uhamisho. Aliiomba mwenyewe, akaifuatilia mwenyewe kutoka meza hadi meza, mpaka makarani wakaiandika ili wapumzike.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa kimekaa kule juu nyumbani, ndani ya koti refu, mikono mifukoni.

Baba.

Angeondoka, hilo alishaliamua na hakuna aliyeweza kulibadilisha. Lakini mama yake alikuwa amelala chini ya migomba miaka sita sasa. Kama baba naye asingesimama pale bomani, basi angeolewa kama mtu aliyeokotwa.

"Umelileta?" akauliza.

Denis akafungua mlango, akatoa chini ya kiti jani refu la isale, kijani linalong'aa, limefungwa fundo katikati.

"Nimelikata leo asubuhi kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba. Mara ya tatu hii, Pendo. Baba yako hatalishika. Mikono yake iko mifukoni tangu mwezi wa tatu."

Hapo ndipo penye kisa. Mchagga ukimkosea mtu ukamletea isale, akilishika, amekwisha. Atake asitake, amesamehe. Mzee Ebenezeri, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana Denis alipokuja na jani mara ya kwanza, mzee alitia mikono mifukoni akasema, "Nina baridi." Mara ya pili alisema, "Baridi haijapungua." Na sharti akalitoa: yule wa Kilema asivuke masale yaliyopandwa mpakani kuingia kwenye uwanja wake.

Na kosa lenyewe? Kosa lilikuwa pipa.

Mwezi wa tatu, Jumamosi, Denis alikuja kujitambulisha na wazee wake. Desturi inataka mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na kwao Kilema, kwa Wakatoliki, posa bila mbege ni kama arusi bila bibi arusi. Elinipendo alimwonya kwamba baba yake hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Wazee wa Denis wakasema, asinywe yeye, watakunywa wengine, lakini pipa lionekane. Likaletwa pipa zima. Mbege ilikuwa mbichi, bado inachemka, na mtoto yeyote wa mlimani anajua kwamba mbege inayochemka huachiwa pa kupumulia. Denis alijua pia. Ila Denis ni fundi. Aliogopa isimwagike kwenye mashimo ya barabarani, basi akakata gasketi ya mpira, akaizungusha mdomoni mwa pipa, akafunga mfuniko kwa bolti nne, akazikaza kwa spana.

Pipa lilishushwa mbele ya Mzee Ebenezeri aliyevaa suti yake ya Pasaka, ile moja ya maana. Akainama kusoma kilichoandikwa ubavuni, maana mwalimu hawezi kupita maandishi bila kuyasoma. Mfuniko ukaruka ukapita juu ya paa, na mbege yote ikapanda juu kisha ikashuka, na kati yake na ardhi alikuwapo yeye.

Hilo angelisamehe. Lakini kesho yake ilikuwa zamu yake kusoma matangazo kanisani, na suti nyingine hana. Ilipigwa burashi, ikakaushwa jikoni karibu na moto, ikaonekana safi. Kanisa lilipojaa watu na joto likapanda, suti ikaamka. Kwanza walikuja nzi. Kisha nyuki wawili. Kisha kwaya ikaanza kunusa, na mzee mmoja safu ya tatu, ambaye alikuwa ameacha pombe kwa shida sana, akasikika akihema kwa uchungu. Mpaka leo kuna watu Marangu wanaoamini kwamba Mzee Ebenezeri hunywa kwa siri.

"Leo atalishika," Elinipendo alisema, akalitia jani kwenye mkoba wake.

"Kwa njia gani?"

"Wewe unajua gia, mimi namjua baba yangu. Kesho saa moja na nusu uwe kwenye masale. Usivuke."

"Pendo." Denis alimshika ncha za vidole tu, maana pale Mtoni kila dirisha lina macho. "Na asiposhika?"

"Nitakuja na katoni yangu, nitapanda, na utaendesha. Nitalia mpaka Same, halafu nitafungua kitabu. Lakini lazima nijaribu, unanielewa?"

"Nakuelewa." Akasita, akakuna kichogo. "Humo kwenye katoni... kutakuwa na nafasi ya changu kimoja?"

Alimpa kabla hajajibu. Kilikuwa kitabu cha maelekezo ya mashine ya kahawa, kimelowa grisi, majalada yameshikizwa kwa utepe mweusi wa umeme. Elinipendo alikikumbatia, na grisi ikaingia kwenye sweta, na hakujali. Mwaka uliopita Denis alikuja shuleni kwake na kitabu hicho mkononi akitafuta mwalimu anayejua Kiingereza. Jumamosi kumi na nne walikaa chini ya dirisha la ofisi, Elinipendo akisoma na kutafsiri kwa penseli pembeni, sentensi kwa sentensi: legeza nati, safisha ngoma, paka mafuta. Watu wengine wanapendana kwa mashairi. Wao walifika sura ya mkanda na puli, Denis akasema, "Mwalimu, rudia hapo," na Elinipendo alipoinua macho akaona kwamba Denis hakuwa ameuliza juu ya puli.

* * *

Nyumbani alimkuta Shangazi Rachel jikoni. Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba yake, mjane, sauti ya kwanza kwenye kwaya na wa kwanza katika kila habari. Sebuleni, baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na rafu ya vitabu, koti limefungwa hadi shingoni, mikono mifukoni.

"Shikamoo, baba."

Mzee akatazama dari. "Rachel! Mwambie huyo mtu marahaba."

"Marahaba," Shangazi akapokea kutoka jikoni. "Siku ya kumi na tisa leo naitwa simu. Nitaanza kulia kama simu."

Tangu aliposikia habari za tangazo la bomani, mzee hakuwa amemsemesha binti yake neno. Yote yalipitia kwa Rachel. Elinipendo akaweka katoni katikati ya sebule, kubwa, bado ina harufu ya sabuni, akapiga magoti mbele ya rafu.

Vitabu mia moja na arobaini. Kila kimoja na muhuri wa jina la baba ukurasa wa kwanza na ukurasa wa kumi na saba, maana wezi huchana wa kwanza. Alivijua kama wadogo zake. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kitabu cha nyimbo cha marehemu mama, cheusi, kingo zimelika. Akampa baba mgongo, akatoa jani la isale mkobani, akalichomeka ndani ya kitabu hicho bila hata kutazama ukurasa, akakirudisha.

"Nachukua vitabu vya safari," akasema kwa sauti. "Katoni moja tu."

Akavuta kitabu cha magonjwa ya kuku, akakitupia katonini, kikaangukia uso. Akavuta ripoti ya chama cha ushirika ya mwaka sabini na tatu, akaitupia juu yake. Akavuta buku la hesabu za darasa la sita, akalikunja jalada kidogo. Kidogo tu.

Kiti kikalia.

"Rachel," mzee akasema, sauti imekaza. "Mwambie kitabu hakilazwi kifudifudi."

"Pendo, kitabu hakilazwi kifudifudi," Shangazi alisema.

"Asante, Shangazi." Akatupia kingine. Kifudifudi.

"Rachel, mwambie... Elinipendo! Hicho cha kuku unakipeleka wapi? Utamtibu kuku yupi Mbozi?"

Shangazi akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Simu imekatika," akasema. "Sasa mnaongea wenyewe."

Mzee hakumsikia. Alikuwa ameshainuka. Na Elinipendo aliona kitu ambacho Marangu nzima haikuwa imekiona kwa miezi mitatu: mikono ya baba yake ikitoka mifukoni.

"Unafunga safari ya siku tatu kama mtu anayekimbia moto," mzee akasema, akapiga goti kwa shida upande wa pili wa katoni. Akatoa kuku, akatoa ushirika. "Kwanza chini unaweka kipana. Atlasi. Lete atlasi."

"Atlasi ya zamani hiyo, baba. Nusu ya nchi zimebadilisha majina."

"Milima haijabadilisha." Akaipuliza vumbi, akaifungua, kidole chake kikashuka kutoka Moshi taratibu, Same, Korogwe, kikapinda Chalinze. Kilipofika Mbeya kikasimama hapo muda mrefu. "Mbali," akasema, kana kwamba ramani ndiyo iliyomkosea. Akailaza chini kabisa. "Kamusi. Mwalimu hasafiri bila kamusi. Na hicho cha hadithi kisicho na jalada, ulikisoma mara tisa ukiwa na surua. Na hiki cha barua, namna ya kuandika barua kwa mzazi. Hasa hiki."

"Nitaandika kila mwezi."

"Sijasema uandike. Nimesema ujue namna."

Wakaendelea hivyo, mzee akipokea, anafungua, anaangalia muhuri, anapanga, mgongo na mgongo, kama tofali. Na kadiri katoni ilivyojaa ndivyo maneno yaliyokuwa yamelala siku kumi na tisa yalivyoanza kutoka.

"Utaimba nini huko? Hebu niambie. Watu wa huyo wa Kilema Jumapili wanapiga magoti na kusimama, kusimama na kupiga magoti, kama wanatafuta sindano."

"Nitaimba za kwetu. Usharika upo Mbozi, nimeuliza. Yeye ataenda kwao, mimi kwetu, jioni tutakula meza moja. Tena amesema atajifunza besi."

"Besi!" Mzee akaguna. "Mkatoliki anajua besi?"

"Wewe ulisema sauti yake inafaa besi, Ebenezeri," Shangazi akaingilia. "Siku ya pipa. Alipopiga kelele."

"Rachel, mtori unaungua."

"Mtori hauungui. Unasikiliza."

Elinipendo akashusha kitabu alichoshika. "Baba, umenichukia kiasi hicho?"

Mzee hakutarajia. Akafutafuta jalada ambalo halikuwa na vumbi. "Nani amesema nimekuchukia? Umekwenda kubandika jina langu ubaoni bomani, Elinipendo binti Ebenezeri, kila anayekwenda kuuliza leseni ya baiskeli analisoma. Mimi nikaambiwa sokoni, na muuza vitunguu."

"Siku ishirini na moja, baba. Karani alisema mwenye pingamizi aje. Ulikuwa na siku ishirini na moja za kwenda kupinga."

Mzee akageuza kitabu, akatazama muhuri.

"Nilikuwa na baridi," mzee akasema.

Na hapo, kwa mara ya kwanza, Elinipendo akathubutu kutumaini. Akanyoosha mkono kwenye kona ya chini. Akakitoa kitabu cheusi, akakiweka katikati ya viganja vya baba yake.

Mzee akakitazama. "Hiki hakiendi," akasema polepole.

"Mama alisema ni changu."

"Najua alisema. Nilikuwepo." Akapitisha kidole gumba kwenye kingo zilizolika. Kisha, kwa kuwa hakuwahi maishani mwake kushika kitabu bila kukifungua, akakifungua. Kilifunguka chenyewe, palipovimba, na jani likateleza likaangukia kiganjani mwake, na vidole vikalifumbata kabla akili haijafika.

Kijani. Limefungwa fundo.

"Amelishika!" Shangazi alipiga kigelegele kilichowashtua ng'ombe zizini. "Ruwa wangu, Mungu wangu, amelishika! Mimi shahidi! Kwa mkono wa kulia!"

"Hili si halali!" Mzee alikuwa amelishika kama mtu aliyeshika kaa la moto na hana pa kuliweka. "Hii ni hila! Isale huletwa na aliyekosa, kwa mkono wake!"

"Denis amelikata kwa mkono wake, baba, kwenye mpaka wa kwao. Amelileta mara mbili ukakataa kumpa mkono. Na mimi nimelibeba kwa mkono wangu kwa sababu nimekosa pia." Akamtazama usoni. "Nilibandika tangazo bila kukuambia. Niliogopa utasema hapana, na mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo, sikutaka uwe na hapana isiyo na maana. Nilipaswa kukuambia mimi, siyo muuza vitunguu. Nisamehe, baba. Kesho naondoka, utakuja au hutakuja. Lakini nisamehe."

Mzee alikuwa anatafuta pa kulirudisha jani, akafunua kurasa, na mkono wake ukasimama.

Pale palipokuwa na jani la kijani palikuwa na jingine. La kahawia, kavu, jembamba kama karatasi, na fundo lake bado limekaa katikati. Kitabu hakikufunguka pale kwa sababu ya jani la Denis. Kilikuwa kimezoea kufunguka pale miaka mingi.

"Hilo si mimi," Elinipendo akanong'ona. "Baba, naapa, hilo sijui."

Mzee Ebenezeri akakaa chini sakafuni, kabisa, miguu imenyooshwa kama mtoto.

"Alilitunza," akasema. "Miaka yote hiyo. Hakuniambia."

Shangazi Rachel akaja, akainama, akalitazama, na mwiko ukashuka. Safari hii hakupiga kelele. "Ni lile lako," akasema. "Ulilompelekea baba mkwe wako."

"Ulimkosea nini?" Elinipendo akauliza.

Mzee akawa mzito kusema. Shangazi hakuwa mzito hata kidogo.

"Baba yako alitoka chuo cha ualimu na viatu vyeusi na maneno ya misheni. Akaenda kuposa bila mbege. Badala yake akapeleka nini? Majani ya chai! Pakiti sita za majani ya chai na mkate. Wazee kumi na wawili wamekaa na kata zao mikononi, wanamiminiwa chai. Babu yako alimkimbiza kwa fimbo ya ng'ombe mpaka mtoni."

"Mpaka karibu na mtoni," mzee akarekebisha.

"Akarudi na isale mara tatu. Kila akija, babu yako anajificha zizini, nyuma ya ng'ombe."

"Na mara ya tatu?"

"Mama yako," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "alimpa babu yako maziwa kwenye kibuyu. Jani lilikuwa limefungwa kwenye mpini."

Elinipendo aliona mabega ya baba yake yakitikisika, akadhani analia, na huenda ndiyo. Kisha mzee akafunga kitabu na majani yote mawili ndani, akainuka kwa kushikilia rafu, akaingia nacho chumbani kwake. Mlango ukafungwa.

Katoni ilibaki na pengo moja juu, la kitabu kimoja. Elinipendo akalitazama, kisha akachukua kitabu cha grisi akakilaza pale. Mgongo juu.

* * *

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Elinipendo alivaa gauni lake jeupe na sweta juu yake, kwa kuwa mapenzi ni mapenzi na baridi ni baridi. Akagonga mlango wa baba mara moja.

"Baba, naondoka. Saa nne bomani."

Akasubiri mpaka akahesabu ishirini na moja. Kisha akanyanyua katoni, Shangazi akabeba begi, wakatoka. Hakugeuka nyuma. Katoni ilikuwa nzito, kamba ilimkata vidole, na alitembea kati ya mibuni mgongo wima, akijisemesha: mpaka Same, utalia mpaka Same tu.

Alipofika kwenye masale akasimama.

Landrova ilikuwa upande wa pili wa mpaka. Denis alikuwa mbele yake, shati jeupe, tai imepinda, hajavuka hata kidole. Na upande wa huku, ndani ya suti ya Pasaka iliyofuliwa mara saba, alisimama Mzee Ebenezeri, mikono mifukoni. Ilionekana walikuwa wametazamana muda mrefu.

"Shikamoo, mzee," Denis alikuwa anasema, na kwa sauti ilivyokuwa, haikuwa shikamoo ya kwanza.

"Marahaba." Mzee akaitazama Landrova toka taa hadi taa. "Umekaza kitu chochote humo ndani?"

"Nati za magurudumu tu, mzee."

"Hizo kaza."

Akatoa mkono mfukoni. Ulikuwa na kitabu cheusi. Akavuka masale mwenyewe, hatua moja, akampa Denis kwa mikono miwili, na kutoka mfuko wa juu wa suti, pale watu wanapoweka leso, fundo la kijani lilikuwa linachungulia.

"Lako nimelipokea, nitabaki nalo," akasema. "Humo ndani liko langu, la zamani. Binti yangu ni mkaidi, ukaidi ameutoa kwa mama yake. Siku ukimkosea, na utamkosea, fungua hapo, umpe. Ukija kwangu pia uje na jani. Pipa liache Kilema."

"Aika, mzee. Asante," Denis akasema, akakikumbatia kitabu kifuani.

"Sasa. Mimi nakaa wapi?"

"Wapi, mzee?"

"Kwenda bomani. Ulidhani mwanangu atasindikizwa na mashine ya kahawa?"

Elinipendo alijaribu kusema "Baba," likatoka nusu. Mzee hakumngoja. Alimpokea katoni kutoka mikononi, akapanda, akakaa katikati ya kiti, akaipakata. Denis kulia kwenye usukani, Elinipendo kushoto, na kati yao mzee wa kanisa mzima. Shangazi Rachel akajipenyeza nyuma kwenye godoro, akakumbatia mkungu wa ndizi, akaanza pambio kabla injini haijawaka.

Walikuwa hawajamaliza kona ya tatu kuteremka Mtoni, mzee ameshafungua katoni.

"Na hiki chenye mafuta kimeingiaje? Kitachafua kamusi."

"Ndicho tulichopendania, baba," Elinipendo akasema. Hakuwa na la kuficha tena.

Mzee akamtazama juu ya miwani, kisha akakifungua, mahali popote, akaanza kusoma ile penseli ya pembeni kwa sauti ya mwalimu mkuu, akiguna hapa, akirekebisha pale. Akafunua ukurasa. Akausogeza karibu na macho.

"Ukurasa wa kumi na mbili," akasema. "'Usikaze mfuniko kupita kiasi. Acha nafasi ya hewa.' Denis! Hapa uliparuka?"

Denis alishika usukani kwa nguvu, masikio mekundu kama kahawa iliyoiva.

"Hatukuparuka, mzee. Siku hiyo nilikuwa namtazama anayesoma."

Landrova ikanguruma. Nyuma, Shangazi alikata pambio katikati ili asipitwe na jibu. Mzee Ebenezeri akakifunga kitabu taratibu, akakirudisha mahali pake juu ya vingine, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya katoni.

"Ongeza mwendo," akasema. "Tutachelewa."